Umefunguliwa Uende kwa Nani?

Bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 9, 1961, nilikuwa na miaka sita. Baba alirudi kutoka Morogoro mjini jioni ya siku iliyofuata, vumbi hadi magotini, akilitamka neno moja kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya safari ndefu: uhuru. Kesho yake alituamsha kabla ya jogoo na kutugawia majembe. Kaka yangu akanung'unika kwamba si tumeshapata uhuru? Baba akamjibu kwa usemi wa siku zile, "Uhuru na kazi," akatangulia shambani.

Jibu lile nilikuja kulihitaji sana baadaye, na sikulikumbuka.

Nilikuwa mwinjilisti kwa miaka 33, tangu 1984 hadi nilipostaafu 2017. Vijana wanaotaka kumtumikia Mungu huja nyumbani kwangu jioni. Kuna anayetaka kwenda chuo cha Biblia, kuna anayetaka kuanzisha huduma, na kuna asiyejua bado anataka nini ila moyo unamwaka. Wote nawapenda kwa kiu yao. Nawasimulia nilipokosea, maana nikiangalia nyuma naona makosa yangu makubwa yalitoka mahali pamoja: nililishika neno uhuru kwa upande mmoja, kama mtu anayebeba kikapu kwa kishikio kimoja na vitu vinamwagika njiani.

1. Nilihesabu nilivyoviacha, sikuwahesabu walioningoja

Niliokoka mwaka 1979 katika mkutano wa injili wa uwanjani. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka karibu na soko, na pombe ilikuwa imenishika kiasi kwamba mama alikuwa ameacha kuniuliza nimelala wapi. Wiki ile niliacha. Mikono ikatulia. Asubuhi moja nilitunga uzi kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza, nikakaa pale nikilia na sindano mkononi. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya uzi ule.

Miezi minne baadaye mjomba wangu alifariki. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, hivyo mjomba ndiye mzizi wako, na mpwa hakosi kaburini kwa mjomba wake. Lakini nilijua kule milimani kutakuwa na tambiko na pombe itamwagwa chini. Nikamwambia mama, "Mama, mimi niko huru na mambo hayo. Sipandi." Mama hakubishana. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua mfuko wa unga, akapanda peke yake.

Wiki iliyofuata jirani yangu wa pale barazani, Mwislamu aliyekuwa akiuza mafuta ya taa, alikuja akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mjomba wako tumemzika," akasema. "Jembe nilishika mimi, maana nilimwona mama yako hana mtu. Ulikuwa safari?"

Nilikuwa na jibu la kiroho tayari mdomoni. Halikutoka.

Kwamba jirani wa dini nyingine alimzika mjomba wangu, hilo halikunishangaza. Huo ndio ujirani wetu. Kilichonishangaza ni kwamba sikuwa nimewaza hata dakika moja kuwa ningeweza kwenda. Ningechimba kaburi, ningebeba jeneza, ningelala kwenye mkeka na wanaume wenzangu, na pombe ilipomwagwa ningesogea kando kwa heshima. Yule kijana wa zamani, aliyefungwa, ndiye ambaye ungekuwa na sababu ya kumzuia asiende kwenye chungu cha pombe. Mimi nilikuwa nimefunguliwa. Nilikuwa ndiye mtu wa kwenda, na ndiye niliyekosekana.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika sura ya 9 ya waraka wake wa kwanza, kwamba hakuwa chini ya mtu yeyote, na kwa hiari yake akajiweka chini ya kila mtu. Kwa miaka nilihubiri nusu ya kwanza tu. Ndugu yangu unayejiandaa kutoa ushuhuda, sikiliza unavyousema. Ukiorodhesha ulivyoviacha vidole havitatosha. Sasa wataje waliokupata tangu ulipofunguliwa: ni nani anakula, analala, anacheka kwa sababu wewe uko huru? Mimi ningeulizwa swali hilo mwaka 1979 ningenyamaza.

2. Niliwafunga tena waliofunguliwa

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na nitalisema polepole.

Mwaka 1986 nilipewa mtaa milimani: nyumba ya ibada ya matofali mabichi, mabati 18, waumini wasiofika 60. Nilikuta watu wanaoimba vizuri na kuchelewa sana. Kwa bidii ya ujana nikachukua kipande cha boksi la sabuni, nikaandika kanuni 11 kwa wino mwekundu, nikakigongomelea ndani ya mlango. Kulikuwa na kanuni za mavazi, za nywele, za ngoma, za kukosa jumuiya mara mbili mfululizo. Hakuna aliyeniagiza. Nilizitunga mwenyewe. Ya 11 ilihusu ahadi: yeyote ambaye hajamaliza bahasha zake ifikapo Septemba, jina lake litasomwa kwenye matangazo.

Ilifanya kazi. Mapato yalipanda, na kikaoni nikatajwa kama mfano.

Kulikuwa na mjane mmoja muuza vitumbua. Kila Jumapili aliingia kabla ya kengele, akaketi benchi la tatu upande wa wanawake, akavua ndala zake na kukunja miguu chini ya benchi kama mtu aliyefika kwake. Nilipenda kumwona akifanya vile, ingawa sikujua kwa nini. Septemba ile nilisoma majina saba, na lake lilikuwa la nne. Alikuwa akidaiwa fedha ya vitumbua vya siku tatu hivi.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ikapita nyingine, na nyingine. Nikawaambia wazee wa kanisa kwamba bibi yule amepoa kiroho.

Mwezi wa tatu tangu hapo nikaenda kwake. Nilimkuta uani akikoroga unga wa mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Vuta kigoda."

Alinipa kitumbua cha moto juu ya kipande cha jani la mgomba. Alingoja nile nusu ndipo aseme.

"Mwinjilisti, mume wangu alipokufa, shemeji zangu walisoma madeni yake mbele ya watu, matanga hayajaanuliwa. Tangu siku ile kila niendako naogopa kusikia jina langu. Nikapata pahali pamoja ambapo jina langu likisomwa, ni kwa heri. Na wewe umelisoma kwa deni."

Hakuwa na hasira. Aliendelea kukoroga. Kitumbua kilinikaa kooni.

Usiku ule nilisoma waraka kwa Wagalatia kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Wagalatia hawakuwa wamemkana Kristo. Walikuwa wakiongeza masharti ya sheria, hasa tohara, wakidhani wanaikamilisha imani yao. Watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya 1952, walipofika mwanzo wa sura ya 5 walichagua neno kongwa. Wazee wetu walilijua kongwa kwa macho: mti wenye panda, shingo ya mateka inawekwa katikati ya panda, inafungwa kwa nyuma, na mtu anatembezwa hivyo hadi pwani. Paulo anasema mtu akishavuliwa kitu hicho asikubali kuvishwa tena. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba ya Mungu nikilichonga, kwa nia njema, kwa wino mwekundu.

Boksi nililing'oa kesho yake. Mapato yakashuka, na kikaoni nikaulizwa maswali ambayo sikuweza kuyajibu kwa tarakimu. Bibi alirudi baada ya Krismasi. Lakini aliketi benchi la mwisho karibu na mlango, ndala miguuni. Katika miaka yote niliyobaki pale hakurudi benchi la tatu. Mtu anaweza kukusamehe kabisa, na bado mwili wake ukakumbuka.

Utaratibu unahitajika, sikatai, na kanisa bila sadaka haliezeki paa. Ila kabla hujaweka kanuni, mtafute mtu mnyonge kuliko wote atakaoangukiwa nayo, uende ukakae kwenye kigoda chake kwanza. Mimi nilikaa pale miezi mitatu baada ya wakati.

3. Waliovuliwa minyororo walirudi njiani

Mwaka 2003 tulikwenda Zanzibar na kwaya ya vijana. Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, nusu yao walitapika, na mchana tulikuwa Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwa pale hadi Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga mwaka 1873. Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Husimuliwa kwamba madhabahu iko mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, wamesimama mle hadi kifuani, na mnyororo shingoni. Binti mmoja wa sauti ya kwanza aliunyooshea mkono mnyororo, akaurudisha bila kuugusa.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kiislamu wa Ng'ambo. Aliwauliza vijana, "Mtumwa ni nani?"

"Mtu aliyeuzwa," mmoja akajibu.

"Lisikilizeni neno lenyewe. Mtumwa ni aliyetumwa. Na mtume je? Na mtumishi? Shina lao ni moja, kutuma. Tofauti ni nani anayekutuma, na kama ungeweza kukataa."

Nilikuwa nimehubiri miaka 19 kwa Kiswahili na sikuwahi kukisikia hivyo. Mzee akaendelea na neno la pili, muungwana. Zamani hapa pwani, alisema, muungwana ni yule asiye mtumwa, na fahari yake ilikuwa kutoamrishwa kazi. Leo ukimwita mtu muungwana unamsifu kwa adabu yake na wema wake. Ndiyo maana twasema uungwana ni vitendo. Neno lilianza kwa mtu asiyetumwa na yeyote, likaja kutua kwa mtu anayetenda wema bila kutumwa.

Nilitaka kumwambia kwamba Biblia yetu inalitumia neno hilohilo, ungwana, mahali pale pale penye kongwa, na kwamba inasema Kristo ndiye aliyetuandika huru, kama bwana wa pwani alivyomwandikia mtumwa wake hati. Nilishindwa kusema. Koo lilikuwa limejaa.

Jioni nilianza kusoma habari za watu waliotoka katika minyororo ile. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana waliokombolewa miaka ya 1860. Mwaka 1879 akafanywa shemasi. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika misheni ile ya Steere, UMCA. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la waliokombolewa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, na safari yao ikaishia Masasi, wakaanzisha makao pale.

Sitaki kuipamba habari hii. Watu hawa hawakuwa huru kama wewe unavyojiona huru leo. Katika vijiji vya waliokombolewa, Bagamoyo kuanzia 1868, Mbweni ya Unguja, Freretown ya Mombasa kuanzia 1875, maisha yalikwenda kwa kengele ya wamisionari: sala, shamba, darasa. Wengi hawakuwa na ukoo wa kurudia, kwa hiyo kubaki kwao hatuwezi kukuita hiari tupu. Nikifundisha somo hili nalitaja hilo pia, maana kanisa nalo linaweza kumfungua mtu kwa mkono mmoja na kumshika kwa mwingine. Nilikwisha kulifanya mimi.

Lakini Majaliwa amenikaa moyoni. Angeweza kumalizia maisha yake Unguja, karibu na shule na bahari. Alikwenda Chitangali, bara ya kusini, kati ya Wayao wenzake, upande uleule misafara ilikokuwa ikitokea. Alikaa huko miaka 11. Najaribu kuifikiria safari yake ya kwanza kurudi bara. Utotoni alipita nchi ile akiwa mali ya mtu. Sasa anapita ana kitabu, na hakuna anayemsukuma kutoka nyuma.

Ukitaka kujua Mungu anakutuma wapi, anza kuiangalia njia uliyoburutwa. Mlevi aliyeacha anajua mlango wa kilabu na anajua saa ambayo mtu anakaribia kukata tamaa. Aliyekuwa na deni anajua sauti ya hodi ya mdai. Mimi nilichukua miaka 24 kurudi kwa walevi wa sokoni, kwa sababu nilidhani kukaa nao mbali ndiyo dalili ya kupona.

4. Asiyeweza kukataa hajatumika bado

Kuna kipindi nilikuwa kwenye kamati sita. Niliitwa usiku, nikaenda. Niliitwa kwenye harambee ya usharika wa mbali, nikaenda. Watu walisema mwinjilisti wetu hana makuu.

Jumamosi moja narudi kutoka hospitali kuombea wagonjwa, nikamkuta mke wangu amejilaza na kanga kichwani. "Baba," akaniambia, "wagonjwa wa usharika mzima umewaona. Mimi leo ni siku ya tatu nina malaria."

Siku ya tatu, na nilikuwa nalala naye chumba kimoja.

Nilipojichunguza, sikuwa naenda kote kule kwa upendo. Niliogopa nikisema hapana watu watasema nini. Nilikuwa nimetumwa na sifa, na sikuwa na uwezo wa kuikataa. Yule mzee wa Mkunazini angejua neno la kuniita.

Yohana, sura ya 13, anaeleza jambo kabla ya beseni na taulo: Yesu alijua ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Hakuwa akitafuta cheo pale chini, wala hakuwa na cheo cha kupoteza. Ndipo akainama. Luther naye, katika kitabu chake cha 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, aliyaweka mambo mawili pamoja: kwamba Mkristo hana bwana wa kumtawala, na kwamba ni mtumishi wa kila mtu. Tulifundishwa hayo chuoni na niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Nilikuja kuyaelewa nikiwa nimekaa kando ya kitanda, nakanda kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, na watu wa kamati wanapiga hodi nje. Nilitoka nikawaambia siji. Mikono ilitetemeka kidogo, kama zamani.

5. Funguo

Nilipostaafu niliukabidhi mtaa kwa kijana. Nilibaki na funguo za stoo kwa miezi miwili, nikisema nitazileta. Hakunidai. Siku moja nilimkuta ameketi nje ya stoo kwenye mvua nyembamba, anangoja nipite, hataki kumsumbua mzee. Nilimpa funguo palepale, na nikamwomba radhi, na nikakaa naye mpaka mvua ikakatika.

Siku hizi nimerudi kwenye cherehani ya kukanyaga. Kila Desemba nashona sare za watoto ambao nyumbani kwao hakuna fedha ya sare. Hakuna kamati, na hakuna aliyenituma kwa barua. Baadhi ya wazazi ni wale niliowakuta kwenye vilabu vya pombe. Baadhi ni Waislamu, pamoja na binti wa yule jirani aliyeuza mafuta ya taa. Macho yamepungua nguvu. Kutunga uzi sasa namwita mjukuu.

Januari iliyopita alikuja mtoto wa kuanza darasa la kwanza, kitukuu cha bibi wa vitumbua. Bibi mwenyewe tulimzika miaka mingi iliyopita, na jembe nilishika. Mtoto alivua ndala zake mlangoni bila kuambiwa. Nilimvalisha kaptula ya bluu, akajigeuza mbele ya kioo kilichopasuka, kushoto, kulia. Kisha akateremsha mikono ubavuni, akaitelezesha juu na chini, akitafuta.

"Babu," akasema, "haina mifuko."

Nilikuwa nimeisahau. Nikamwambia avue, aketi, nitaitia sasa hivi. Nikaokota vipande vya bluu vilivyobaki chini ya meza, nikavipima kwa kiganja chake, nikamwita mjukuu aje atunge uzi.